Kwa Nini Nina Vidole Vinane

Waliosoma wiki iliyopita waliniacha jukwaani, siku ya mavuno, nimeinamia kinanda cha umeme, na ng'ombe wa watu wanavunja fensi ya shamba la ngano la serikali kuja kwangu. Wewe uliyeokota gazeti hili leo kwenye meza ya hoteli usihangaike, nitakueleza upesi.

Ni mwaka 1984. Naitwa Tluway, mzaliwa wa Dongobesh, karani wa stoo ya vipuri kwenye tambarare za ngano chini ya Mlima Hanang. Mshahara ulitoka stoo, lakini moyo wangu ulikuwa kwenye bendi. Kinanda nilifundishwa na padri misheni, nyimbo nzito za makanisa ya Ulaya, mkono wa kushoto ukibishana na wa kulia. Jazi nilijifundisha kwenye redio ya mawimbi mafupi. Nyimbo za kwetu nilizaliwa nazo. Wataalamu wa kigeni walipoleta kinanda cha umeme chenye kisanduku cha midundo, nikavitia vyote sufuria moja nikakoroga.

Wimbo niliokoroga siku ile haukuwa wangu. Ulikuwa wa rafiki yangu Gidabuday, mfugaji wa Kibarabaig, watu ambao wengine huwaita Wamang'ati, ambaye aliuimba kumwita Majivu, maksai wake mkubwa wa kijivu. Majivu akija, kundi zima linamfuata. Mimi nikaupiga kwa vipaza sauti vinne vilivyofungwa juu ya tenki la maji. Majivu akasikia, akaja na wenzake wote.

Tangu gazeti litoke mmeniandikia barua nyingi. Mama mmoja wa Katesh ameandika, "Pole mwanangu, hukujua."

Mama, nilijua.

Gidabuday alinifundisha wimbo ule kwa sharti moja. "Ukiwaita, uwe na magadi mkononi." Kwao hakuna kuita ng'ombe bure. Mtoto wa kiume anaimba, ng'ombe wanakusanyika, mama anatoka na mfuko wa magadi ya Ziwa Balangida, wanalamba, kila mtu anaridhika. Ukimwita ng'ombe akakukuta mikono mitupu umemdanganya, na Gidabuday aliniapia kwamba ng'ombe akidanganywa hasahau.

Nilijua pia kwamba siku hiyo kundi lilikuwa linalisha upande wa pili wa fensi. Nililiona asubuhi. Nilitaka kujua kama mashine yangu inaweza kuimba kwa ukweli kiasi cha kumdanganya Majivu. Nilikuwa na miaka ishirini na sita na kiburi cha kunitosha mimi na ukoo wangu. Sasa mnajua. Tuendelee.

Majivu alikata katikati ya ngano iliyoachwa makusudi bila kuvunwa, ili wageni wa wizarani waone mashine zikifanya kazi. Nyuma yake ng'ombe zaidi ya mia walilaza chini njia pana ya ngano. Wageni walikimbilia magari yao, na mmoja aliacha kiatu.

Jukwaa letu lilikuwa tela la trekta. Majivu alikuja moja kwa moja mpaka ukingoni, akaweka kidevu chake juu ya mbao, akautoa ulimi akalamba mkono wangu wa kulia. Alikuwa anatafuta magadi. Alikuta jasho, na kwa kuwa jasho nalo lina chumvi kidogo, akaendelea kulamba.

Nilicheka kwa furaha. Mungu anisamehe, nilicheka.

Mjomba Akonaay alipanda jukwaani. Huyu ni kaka wa mama yangu, mtu wa Maretadu, mkuu wa walinzi wa shamba, aliyerudi kutoka vita vya Uganda na mguu mbovu na hasira nzima. Ndiye aliyeniombea kazi.

"Sogea," aliniambia.

"Mjomba, huyu ni mpole, anatafuta tu..."

Akampiga Majivu risasi ya paji la uso, kutoka hatua mbili.

Damu ilirukia vibonyezo vya kinanda. Majivu alipiga magoti, akaanguka ubavu, na mguu wake wa nyuma ukaendelea kukimbia peke yake. Kisanduku cha midundo kiliendelea kupiga ta-ka-ta, ta-ka-ta, kwa sababu hakuna aliyekizima.

Walinzi wakaanza kufyatua. Ng'ombe kumi na mmoja waliangukia kwenye ngano. Waliobaki waligeuka, wakapita juu ya wenzao, wakarudi walikotoka wakilia.

Ndipo Gidabuday alipofika, anakimbia, shuka limemvuka begani. Alikuwa na fimbo tu, hana mkuki. Walinzi wanne walimpokea kwa marungu. Nilisikia mfupa wa mkono wake ukikatika. Alianguka, akainuka, wakamwangusha tena, mmoja akamkanyaga shingoni kwa buti.

Kutoka pale chini alinitazama. Hakunitukana.

"Tluway," alisema, meno yake yakiwa mekundu. "Umewaita bila magadi."

Wakamburuta miguu juu kichwa chini, wakamfungia kwenye stoo ya mabati kando ya tenki la maji.

*

Saa nane mchana mjomba aliniita karakana. Nilimkuta amekaa juu ya tairi la trekta, amekunja mikono ya shati. Walinzi wawili walisimama mlangoni. Seifu, mpiga gitaa wetu na fundi wa jenereta, mtoto wa wenye duka Katesh, alikuwa amechuchumaa pembeni na jicho limevimba.

"Shikamoo mjomba," nilisema. Kwetu hata ukipelekwa kunyongwa, mkubwa unamwamkia.

"Marahaba. Mama yako hajambo?"

"Hajambo, mjomba."

"Vizuri. Sasa sikiliza. Meneja amenipa mpaka jioni. Anataka lile kundi lililobaki liwe uani kwangu, wageni wakirudi kutoka Katesh walione limekamatwa. Bila hivyo narudi Maretadu kulima maharage. Kundi limejificha kwenye makorongo kule mlimani, gari halifiki, na walinzi wangu hawapandi kule wakachomwe mikuki. Kwa hiyo utaliita."

"Kuliita?"

"Si umeliita asubuhi? Likaja mpaka likakulamba."

"Mjomba, ni mali ya watu. Kuna mama yake mzee, hana kitu kingine. Watakula nini?"

"Walikula nini kabla hawajala ngano yangu?"

"Walikuwa na malisho, mjomba. Yako chini ya ngano yako."

Seifu alikohoa kunionya, lakini nilikuwa nimekwisha kusema. Mjomba alinigeukia. Sura yake ilikuwa sura ya mama yangu kabisa, na hilo ndilo lililoniogopesha zaidi.

"Utapiga au hupigi?"

"Hapana, mjomba."

Alitikisa kichwa. Walinzi wakanishika. Kwenye meza ya karakana kulikuwa na jiliwa, lile dude la chuma la kubania vyuma ukivikata, mafundi wanaliita vaisi. Wakaufungua mdomo wake.

"Kidole gani?" mjomba aliuliza, kwa upole kama mtu anayekuuliza chai yako unywe na sukari au vipi.

Na hapa naungama jambo jingine. Sikulia wala kuomba. Nilifikiri kama mtunzi. Mkono wa kulia ndio unaobeba wimbo, nikasema moyoni, usiguswe. Wa kushoto una kazi ya kushika chini, na kidole cha mwisho ndicho dhaifu.

"Hiki," nikasema, nikakitoa.

Mlinzi alizungusha mkono wa jiliwa. Mwanzoni ni baridi tu. Halafu kinakuja kitu ambacho sitawaandikia, maana najua gazeti hili linasomwa mezani. Nilisikia sauti ndogo, kavu, kisha nikasikia sauti yangu mwenyewe ikitoka juu kuliko nilivyojua naweza kuifikisha. Mjomba alimalizia kwa nyundo.

Walinimwagia maji.

"Utapiga?"

Nilimfikiria Gidabuday kule stoo. Nilifikiria ulimi wa Majivu.

"Hapana, mjomba."

Kikaenda cha pili, kile kinachofuata. Mara hii nilijikojolea. Seifu alikuwa analia, anasema, "Mzee Akonaay, kwa ajili ya Mungu, huyu ni damu yako." Mlinzi akampiga teke la tumbo.

"Mwanangu," mjomba alinisemesha karibu na sikio, Kiiraqw sasa, lugha tunayosemea nyumbani. "Mimi nina mpaka jioni. Wewe una vidole vinane. Ukipiga, nakwambia mbele ya Mungu, yule Mmang'ati namwachia aende zake usiku huu huu. Usipopiga, nikimaliza na wewe naenda stoo kwake na nyundo hii."

Mnaoniona jukwaani siku hizi, kwenye kumbi zenye mazulia, mnaulizana vidole viwili vya Mzee Tluway viliendaje. Wengine mnasema mashine ya kuvunia. Mwandishi mmoja wa Arusha aliandika fisi. Ukweli ni mfupi. Nilisema hapana mara mbili. Ndiyo maana vimebaki vinane.

"Nitapiga," nikasema.

*

Walinifunga mkono kwa kitambaa cha kusafishia injini, wakanibeba mpaka kwenye tela. Majivu alikuwa bado amelala pale chini, nzi wamemjaa machoni. Damu ilikuwa imekauka kwenye vibonyezo, vingine vikawa vimeganda.

Seifu alipita karibu yangu kuchomeka waya. "Piga kidogo tu," alininong'oneza. "Nikifika kwenye jenereta nakata bomba la dizeli. Utakuwa umepiga, na wao watakuwa hawajapata kitu. Vumilia."

Nilitaka kumbusu. Kumbe mlinzi aliambiwa amfuate mpaka kwenye banda la jenereta na asimame mgongoni kwake.

Mjomba alipanga watu wake kwenye pengo la fensi, sita huku, sita kule, wamelala ndani ya ngano na bunduki zao. Kisha akaja kusimama nyuma yangu. Nyundo alikuwa nayo.

"Anza."

Nikaanza. Mkono wa kulia ukauimba wimbo wa Majivu. Wa kushoto, kwa vidole vitatu, ukatafuta njia mpya chini yake. Vipaza sauti viliutupa ule wimbo mpaka kwenye makorongo, ukarudi.

Ng'ombe hawakuja.

Nikarudia. Hawakuja. Nikatamani kucheka tena. Gidabuday alisema kweli, ng'ombe akidanganywa hasahau. Nilimwona mjomba kwa pembe ya jicho akiangalia mlima, kisha saa yake, kisha vidole vyangu.

"Piga vizuri," alisema.

"Napiga vizuri, mjomba. Wao ndio hawataki."

Ndipo pakaanza kelele ndani ya stoo ya mabati. Gidabuday alikuwa hai. Alikuwa amesikia wimbo wake, akaelewa ninafanya nini, akaanza kupiga ukuta kwa kitu, sijui kwa mkono uliobaki mzima au kwa kichwa. Ba. Ba. Ba. Hakufuata wimbo wangu hata kidogo. Alikuwa anauharibu, ili aliyeko mlimani asikie na ajue kuna jambo.

"Zima hiyo kelele," mjomba alimfokea mlinzi.

Na mimi, wasomaji wangu, niliogopa watamuua. Nawaambia hivyo, na ni kweli. Lakini si ukweli wote. Sikio langu lilikuwa limekwisha kuyasikia mapigo yake na kuyapenda. Mkono wangu ulinyooka wenyewe kwenye kisanduku cha midundo, nikaongeza mwendo kidogo, nikapunguza, mpaka mashine ikaingia sawasawa kwenye mapigo ya Gidabuday. Wimbo ukakaa juu yake. Kelele ya mtu anayeonya ikageuka kuwa ngoma.

Ilikuwa nzuri. Sijawahi kutunga kitu kizuri kama kile, na sehemu ile ndiyo mnayoipigia makofi mpaka leo. Tangu siku ile nimekuwa nikila kwa damu ya rafiki yangu.

"Mwache apige," mjomba alimwambia mlinzi, akatabasamu. "Mpwa wangu ana akili."

Dakika chache baadaye nikamwona mtu anashuka mlimani.

Alikuwa mwanamke mzee, nguo ya ngozi, bangili za shaba mpaka viwikoni, mgongo umepinda kidogo kwa mzigo. Nilimjua kwa mwendo wake. Alikuwa mama yake Gidabuday. Alikuwa amesikia wimbo wa mwanawe, na mwanawe akiita ng'ombe, yeye hutoka na magadi. Amefanya hivyo tangu Gidabuday ana miaka saba. Mgongoni alibeba mfuko.

Na nyuma yake, kwa mstari, kichwa baada ya kichwa, walikuja ng'ombe. Wimbo walikuwa wameukataa, lakini yeye walimwamini.

"Mjomba, ni mama mtu mzima. Hawa wenye bunduki..."

"Piga."

Alifika karibu na fensi, kama hatua mia mbili kutoka kwenye pengo. Walinzi wakajilaza zaidi ndani ya ngano.

Wakati huo huo jenereta ikakohoa, ikazima.

Seifu alikuwa amelikata lile bomba. Muziki ulikatika katikati ya wimbo, vipaza sauti vikanyamaza. Nilisikia kitako cha bunduki kikitua kwenye kitu laini, mara moja, mara mbili, mara tatu, na sauti ya Seifu ikimwita mama yake. Halafu sikuisikia tena.

Yule mama alisimama. Ng'ombe wakasimama nyuma yake.

Kule stoo, Gidabuday aliendelea kupiga peke yake. Ba. Ba. Ba. Sasa haikuwa ngoma. Ilikuwa bati linalopigwa na mtu aliyefungwa, na mama yake aligeuza kichwa kusikiliza.

Mjomba alimpungia mkono mlinzi wa stoo. Mlinzi aliingia. Ukasikika mshindo mmoja, na bati likanyamaza.

Ukabaki upepo kwenye ngano tu. Yule mama akarudi nyuma hatua moja. Nikasema moyoni, rudi, mama, rudi zako, Mungu wangu mrudishe.

"Imba," mjomba alisema.

"Umeme umekatika, mjomba."

"Una mdomo."

Alikichukua kidole changu cha shahada, cha mkono wa kulia, akakilaza taratibu juu ya ukingo wa tela, akaiinua nyundo.

Asubuhi ile ningeweza kuilaumu mashine. Ningeweza kusema ni waya, ni vipaza sauti, ni kinanda cha wageni. Sasa hapakuwa na mashine yoyote. Palikuwa na mimi na koo langu.

Nikafungua mdomo nikaimba.

Niliimba kama Gidabuday alivyonifundisha, kwa Kibarabaig chao, nikivuta jina la Majivu mwishoni. Mama yule alisikiliza. Alijua hiyo si sauti ya mwanawe. Lakini sauti aliitambua, maana nimelala kwake mara nyingi, nimekunywa maziwa ya kibuyu chake, na aliwahi kuniambia kwamba Mungu amempa mtoto wa pili kwa Wairaqw.

"Tluway!" aliita kutoka kule. "Ni wewe?"

"Ni mimi, mama!"

"Nimesikia bunduki asubuhi. Mwanangu yuko wapi?"

Nyundo ilikuwa bado juu. Nilitazama mabati ya stoo, hatua kumi kutoka pale niliposimama. Hapakuwa na sauti humo ndani.

"Yuko hapa, mama," nikajibu. "Yuko karibu na mimi."

Hakuna neno la uongo hapo. Nimelipima miaka yote hii na sijaona la uongo hata moja.

Alicheka, akaushusha mfuko wa magadi mgongoni, akautikisa ili ng'ombe wausikie. Kisha akapita kwenye pengo la fensi akiwaongoza, akaingia kwenye ngano, na ngano ya pande zote mbili ikaanza kuinuka.